Kijana Anayetaka Kuunda Programu Ajifunze Nini?



Vijana wetu hapa Amani wanaojifunza kuunda programu za kompyuta wanatuuliza swali gumu: ikiwa akili mnemba inaandika msimbo, yaani yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata, kwa sekunde chache tu, masomo wanayolipiwa na wazazi yatawafaa nini kesho? Sisi tunasoma falsafa, si uhandisi. Hata hivyo ada hiyo ni jasho la mzazi, na swali linastahili jibu.

Tuangalie M-Pesa. Jaribio lake la mwaka 2005 nchini Kenya lililenga kuwawezesha wateja wa taasisi ya mikopo midogo kurejesha mikopo yao kwa simu. Lakini watu wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Waliohusika walitazama, wakakubali kwamba hitaji kubwa lilikuwa hilo, na mwaka 2007 huduma ikazinduliwa kama njia ya kutuma fedha. Tena iliweza kutumika kwenye simu ndogo za kawaida, kwa kuwa ndizo walizokuwa nazo watu. Mwaka 2008 ikaingia Tanzania.

Kutazama huko mashine haikufanyii. Chukua kitabu cha ubatizo cha parokia. Ukiiomba akili mnemba programu ya kukitunza, huenda ikakuwekea jina la kwanza na jina la ukoo. Hapa kwetu mtu huandika jina lake, la baba na la babu. Mtoto ni Petro Yosefu Mikaeli. Baba yake ni Yosefu Mikaeli Paulo. Programu inayopanga familia kwa jina la mwisho itawatenganisha baba na mwana! Halafu Sheria ya Kanisa inataka kipaimara na ndoa ya mtu viandikwe pia kwenye kumbukumbu yake ya ubatizo, pengine miaka ishirini baadaye, kwa taarifa kutoka parokia nyingine. Asiyejua hilo hataacha nafasi ya kuyaandika.

Kwa hiyo kijana ajifunze kuuliza, na ajifunze kusoma msimbo ulioandikwa na mashine na kuujaribu kabla ya kuuamini, kwa sababu mashine hukosea kwa kujiamini kabisa. Hapo anahitaji mantiki. (Wengi wetu tulilalamika tulipoanza somo hilo, hatukujua kwamba George Boole aliigeuza mantiki kuwa hesabu, na kompyuta zinaitumia hadi leo.) Kiingereza nacho asikiache, maana maelezo mengi ya kazi hii yako katika lugha hiyo. Na ajue kutunza siri: taarifa za waamini hazibandikwi ovyo kwenye mtambo wa akili mnemba ili kuomba msaada.

Likizo ijayo, kijana amwombe Paroko ruhusa ya kukaa siku mbili na katibu wa parokia. Atazame jinsi cheti kinavyotafutwa cha mtu aliyebatizwa zamani, ambaye sasa anataka kufunga ndoa. Aandike kila hatua kwenye daftari, bila kunakili majina ya watu, na kompyuta aiache nyumbani kwanza.