Mchicha wa Dakika Tano

Mboga ikichemshwa muda mrefu na maji yake kumwagwa, vitamini C nyingi hupotea. Osheni mchicha kwanza, ndipo mkatekate. Kaangeni kitunguu na nyanya kwa mafuta, tieni mchicha, funikeni dakika tano tu. Najua mafuta ni ghali, lakini kijiko kimoja chatosha, na karanga zilizotwangwa zafaa pia. Bila mafuta mwili haupati vizuri vitamini A ya majani, na mtoto anayeikosa huanza kutoona vizuri giza likiingia. Asipotibiwa aweza kupofuka. Mezani kamulieni ndimu: husaidia mwili kupata madini ya chuma, hasa kwa mama mjamzito. Chai huyazuia madini hayo, basi inyweni baadaye, si pamoja na chakula.