Kombo la Mafuta: Mwani wa Ziwa Bonney na Baridi

Mwani wa kijani wa ncha za dunia hujikinga na baridi kuanzia kwenye utando wa seli, ambao ni tabaka jembamba la mafuta. Mafuta hayo yakiganda, uhai husimama. Februari 16, 2021, baridi katika uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth, jimboni Texas, ilifika nyuzi 19 chini ya sifuri. Mabomba ya maji yakapasuka hadi Houston, na mimea mingi ya bustani ikafa. Kwa mwani wa Antaktika, baridi ndiyo maskani.

Chini ya barafu ya kudumu ya Ziwa Bonney, katika Mabonde Makavu ya McMurdo, kina cha mita 17 hivi, huishi mwani wa seli moja uitwao Chlamydomonas priscuii, kwa heshima ya mtafiti John Priscu. Maji ni ya chumvi kali, na mwanga unaopenya ni hafifu.

Siri ya utando wake huonekana jikoni. Nyumba ya Houston ikipoa chini ya nyuzi 24 hivi, mafuta ya nazi huwa meupe na magumu, kijiko kikayakwangua. Ya alizeti kando yake yanamiminika vilevile. Molekuli za nazi nyingi zimenyooka kama fito: huwekwa sambamba, zikabanana, zikafungika mzigo mmoja mgumu. Za alizeti ni kuni zilizopinda. Mchanja kuni azipange atakavyo, hazilaliani. Kila kigosho huacha mwanya, na kamba haikazi. Kigosho hicho hutokea pale vimeng'enya vinapoondoa jozi ya hidrojeni na kuacha muungano maradufu wa kaboni.

Vitabu huziita asidi za mafuta zilizopinda hivyo “zisizoshiba”. Jina hilo linahesabu hidrojeni na kumfanya msomaji adhani kuna upungufu. “Zenye kombo” ni jina bora, kwa kuwa linataja umbo, na umbo ndilo linalofanya kazi.

Mwani wa Bonney una kombo nyingi kuliko Chlamydomonas reinhardtii, ndugu yake wa maabara. Ndani ya kloroplasti, vibebaji vya elektroni huogelea katika utando wa namna hiyo kutoka mtambo mmoja wa usanisinuru hadi mwingine. Utando ukiganda, vibebaji hukwama huku nuru ikiendelea kuingia, na nishati isiyo na pa kwenda huzaa oksijeni haribifu inayochoma seli kutoka ndani.

Zipo kinga nyingine: protini zinazoshika fuwele za barafu, na kwa mwani wa theluji, rangi nyekundu ya astazanthini inayozuia jua kali. Lakini C. priscuii amefungwa na baridi yake: hakui joto likizidi nyuzi 18 hivi, wakati mafuta ya nazi bado hayajaanza kuyeyuka.