Uvimbe wa ini unaobeba alama ya mahindi

Barabara ya Kangundo inayopita Njiru, Nairobi, haiishii Ruai wala Kamulu. Ukiifuata utaingia Ukambani, na wakazi wengi wa mitaa hii wana jamaa huko. Gunia la mahindi kutoka nyumbani si jambo geni. Lakini upande huohuo ndiko watu 12 kati ya 20 waliolazwa hospitalini Machakos mwaka 1981 walifariki baada ya kula mahindi yenye aflatoksini, sumu ya kuvu. Mwaka 2004 mkasa ulirudi Makueni, Kitui na maeneo jirani: wagonjwa 317, vifo 125.

Hao waliuawa na sumu nyingi kwa mpigo. Ile inayoliwa kidogokidogo kwa miaka haimlazi mtu. Hiyo huelekea kwenye jeni.

Aflatoksini ikifika kwenye ini, vimeng'enya vya ini vyenyewe huigeuza ikawa kali zaidi, nayo hujibandika kwenye DNA, hasa kwenye herufi G. Seli inapojinakili, G husomeka kama T. Kosa hilo laweza kutokea popote, ila kuna mahali linapopapenda: nafasi ya 249 ya jeni iitwayo TP53. Kazi ya jeni hii ni kutengeneza protini inayozuia seli iliyoharibika isigawanyike. Herufi moja ikibadilika hapo, kizuizi hakifanyi kazi tena. Mwaka 1991 timu mbili za watafiti, moja ikichunguza wagonjwa wa Qidong nchini China na nyingine wagonjwa wa kusini mwa Afrika, zilikuta kosa hilohilo, mahali palepale. Ni nadra saratani kuonyesha chanzo chake waziwazi namna hiyo.

Je, alama hiyo humwambia mgonjwa ataishi muda gani? Kwa kiasi fulani. Uvimbe wenye TP53 iliyoharibika, iwe kwa aflatoksini au kwa sababu nyingine, mara nyingi huwa na seli zisizofanana tena na za ini, hukua haraka, na wenye nao kwa wastani huishi muda mfupi zaidi. Ule wenye hitilafu kwenye jeni ya CTNNB1 mara nyingi hubaki na sura ya ini, na waliopasuliwa wakiwa nao huelekea kupata nafuu zaidi. Protini ya keratini 19 ikionekana kwenye seli za uvimbe, madaktari huhofia kwamba saratani itarudi mapema. Lakini wastani ni wa kundi la watu. Hakuna daktari mwaminifu atakayekutajia mwezi wa kufa kwa kusoma jeni.

Ugunduzi unaonivutia zaidi haukutoka kwenye uvimbe. Mwaka 2008 Yujin Hoshida na wenzake walichunguza vipande vya ini vilivyohifadhiwa baada ya upasuaji. Jeni za uvimbe hazikuweza kutabiri nani angeishi muda mrefu. Jeni 186 za nyama ya ini iliyozunguka uvimbe ndizo zilizofaulu. Ini lililochoka kwa virusi na makovu ni kama shamba lililojaa mbegu za magugu: unang'oa gugu moja, mengine yanachipua. Saratani nyingi zinazorudi miaka kadhaa baada ya upasuaji ni mpya kabisa.

Sasa turudi Njiru, kwa mtu aliyetumwa kutoka Hospitali ya Mama Lucy hadi hospitali kubwa ya rufaa. Huenda hatatolewa kipande chochote cha ini. Mtu mwenye makovu ya ini au homa ya ini ya aina B anaweza kuthibitishwa kuwa na saratani kwa CT skani yenye dawa ya kung'arisha mishipa, na bila nyama hakuna jeni za kusoma. Yanayoamua matibabu ni ukubwa na idadi ya vivimbe, kama mshipa mkuu wa ini umevamiwa, kama macho ni ya manjano au tumbo limejaa maji, na nguvu alizobaki nazo mgonjwa. Wengi hufika tayari wamechelewa. Kwa hiyo ukishauriwa kulipia kipimo cha jeni za uvimbe, uliza kwanza: majibu yatabadilisha matibabu gani? Kwa aina ya kawaida ya saratani ya ini, mara nyingi hakuna.

Afadhali pesa hizo ziende kwenye kipimo cha homa ya ini B. Utafiti wa Shanghai uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba aflatoksini peke yake iliongeza hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi, virusi peke yake mara 7, na vyote viwili pamoja karibu mara 60. Kwa upande wa mahindi, kupika hakuiondoi sumu, wala kinu cha kusaga hakiiondoi. Kukausha hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, kuchambua punje zilizooza na kukoboa, kama wafanyavyo wapishi wa muthokoi (mahindi yaliyokobolewa), hupunguza.

Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto nchini Kenya mwishoni mwa 2001, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Kipimo ni tone la damu. Asiye na virusi huchanjwa hata ukubwani; mwenye navyo huchunguzwa kama anahitaji dawa ya tenofovir, na akiwa na makovu ya ini hupigwa picha ya ini kila miezi 6, wakati uvimbe ungali mdogo wa kukatwa.