Nyusi za kudumu: ya kujua kabla na baada, kwa dada zetu wa Kisii na Nyamira

Siku hizi ukizunguka Kisii mjini, kuanzia barabara za katikati hadi kuelekea soko la Daraja Mbili, hukosi saluni yenye picha ya nyusi mbili nyeusi tii zilizonyooka kama zimepigwa rula. Keroka zimefika, Nyamira zimefika. Huduma yenyewe ina majina mengi: nyusi za kudumu, maikrobledi, tatuu ya urembo. Midomo nayo hutiwa rangi isiyofutika, na ukingo wa jicho ukachorwa wanja wa daima. Sisi wa Pwani mambo haya yalitufikia mapema kidogo na yaliyoharibika tumeyaona, ndiyo maana wifi yangu wa Keroka aliponiuliza afanye au asifanye, jibu langu halikutosha kwenye ujumbe wa simu. Nimeona niliandike hapa, na wengine walisome.

Tuanze na kinachofanyika hasa. Fundi huchukua kijikalamu chenye safu ya sindano nyembamba sana, akachana ngozi mistari midogomidogo inayofanana na vinyweleo, kisha akaisugulia rangi iingie. Wengine hutumia mashine inayodunga nukta kwa nukta. Rangi inatakiwa ikae chini kidogo tu ya tabaka la juu la ngozi. Ikikaa juu mno itatoka, kwa sababu tabaka hilo hujivua na kujiotesha upya kila baada ya mwezi hivi. Ikizama mno, damu hutoka nyingi, mistari husambaa na kugeuka kijivu au samawati, na kovu linaweza kubaki. Kati ya kupatia na kukosea kuna chini ya milimita moja. Hilo ni jeraha, tena la usoni, karibu kabisa na jicho. Anayekwambia ni sawa na kupaka hina anakudanganya.

Abagusii wanajua vizuri kuliko wengi wetu maana ya mkono unaopasua. Ababari, matabibu wa jadi waliokuwa wakifungua fuvu la mtu aliyeumia kichwa, walisifika hadi madaktari wa kigeni wakaja kuandika habari zao. Ufundi ule mtu aliupata kwa kukaa chini ya mkubwa wake muda mrefu. Sisemi turudi huko, na mimi kichwa changu simpi mtu. Lakini leo mtu anahudhuria mafunzo ya siku mbili tatu, anaongeza video za kwenye simu, na wiki inayofuata anaukalia uso wa mwenzake na sindano.

Hapo ndipo penye swali la kwanza la kumuuliza fundi: umefunzwa na nani, kwa muda gani, na nionyeshe nyuso ulizochora zikiwa zimeshapona. Picha ya dakika ile ile baada ya kazi haina maana yoyote, maana kila nyusi huonekana kali siku ya kwanza. Omba ya miezi miwili baadaye, ya mtu mwenye ngozi kama yako. Cheti cha NITA cha ususi na urembo ni kitu kizuri, lakini mtu kujua kusuka na kupaka vipodozi si ushahidi kwamba anajua kutoboa ngozi. Leseni ya biashara ya kaunti nayo ni ya kodi, haisemi chochote kuhusu sindano. Na Keroka kuna la ziada: mji umekaa mpakani, kaunti za Kisii na Nyamira zimewahi kuvutania ushuru wake. Wa kukusanya ada hawakosi pande zote mbili. Ningependa kuona kaunti hizo zikivutania pia nani atamtuma afisa wa afya ya umma kukagua sindano.

Wajihadhari pia na fundi wa kupita. Anatangaza mtandaoni kwamba atakuwa mjini Jumamosi na Jumapili, analipwa amana, anachora watu kumi chumbani kwa mtu, halafu anarudi alikotoka. Kazi hii huhitaji marudio baada ya wiki sita hadi nane, kuziba palipotoka na kurekebisha palipopinda. Ukivimba Jumanne, yeye yuko wapi?

Sasa sindano. Homa ya ini ya hepatitisi B na C, na virusi vya Ukimwi, hupita kwenye damu, na kirusi cha hepatitisi B kinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, hata kwenye tone lililokauka usiloliona. Kwa hiyo sindano na kijikalamu lazima vitolewe kwenye pakiti iliyofungwa mbele ya macho yako, na baada ya kazi vitupwe kwenye kile kisanduku kigumu cha sindano kama cha hospitali. Kufuta kwa spiriti hakutoshi, kumwagia maji ya moto hakutoshi. Rangi imiminwe kwenye kikombe kidogo cha kutumiwa mara moja, na itakayobaki isirudishwe chupani. Glavu ziwe mpya, na akishika simu kujibu mteja, abadilishe. Wengi husahau hili la simu.

Mwenye kudhani natisha watu bure aangalie yaliyotokea Marekani, jimbo la New Mexico. Wateja wa saluni moja isiyokuwa na leseni walidungwa sindano usoni kwa ajili ya urembo, saluni ikafungwa mwaka 2018, na mwaka 2024 wataalamu wa afya wa nchi hiyo wakachapisha ripoti inayohusisha huduma hiyo na wateja walioambukizwa virusi vya Ukimwi. Hiyo ni nchi yenye wakaguzi. Kwetu, chanjo ya hepatitisi B iliingizwa kwenye chanjo za watoto wachanga mwanzoni mwa miaka ya 2000, hivyo mwanamke wa miaka thelathini na kuendelea huenda hakuipata kamwe. Ulizia kituo cha afya kabla, ndiyo gharama yenye faida kuliko nyusi zenyewe. Na ukigundua baada ya kazi kwamba sindano ilitumika kwa mwingine, nenda hospitali ya serikali siku hiyo hiyo uombe dawa za PEP. Zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi.

Rangi ni habari nyingine. Nyingi zina oksaidi za chuma, kaboni nyeusi na titani. Umoja wa Ulaya, kuanzia Januari 2022, umezuia maelfu ya kemikali kwenye wino wa tatuu na wa vipodozi vya kudumu. Piga picha chupa: jina la rangi, namba ya toleo, tarehe ya kuisha. Ukipata mzio, daktari atakuuliza hayo, na "ilikuwa kahawia" haitamsaidia. Waliowahi kuwashwa au kutoka malengelenge kwa piko, ile hina nyeusi, au kwa rangi ya nywele, wamweleze fundi na ikiwezekana daktari mapema. Kemikali ya piko humwachia mtu mzio wa maisha, na mtu wa namna hiyo anaweza kudhurika hata na baadhi ya krimu za ganzi. Krimu zenyewe zichunguzwe: mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2024 dhidi ya zile kali kupita kiasi zinazouzwa kwa ajili ya tatuu, kwa sababu zikipakwa nyingi zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Kuna wasiopaswa kufanya, au wasubiri. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda (asiziache kwa shauri lake mwenyewe), anayetibiwa saratani, wote waanze kwa daktari. Ambaye makovu yake huvimba na kukua, keloidi, asithubutu. Sisi Waafrika tunazo zaidi, na huweza kuanza miezi baada ya jeraha kupona. Anayepaka mkorogo usoni ajue ngozi yake imeshakonda. Anayetokwa na vipele vya homa mdomoni, akichora midomo vitamrudia, hivyo aombe dawa kwanza. Na kama nyusi zako zimepukutika zenyewe, hasa ncha za nje, pima tezi ya shingo kabla ya kuzifunika kwa rangi.

Kwa Waislamu wenzangu sitazunguka. Hadithi za kulaani mchora chale na mwenye kuchorwa zimo kwa Bukhari na Muslim, na masheikh wengi huiingiza tatuu hii humo humo. Mwenye sababu ya maradhi amwendee sheikh wake na cheti cha daktari, sio mimi. Kisii wengi ni Waadventista na Wakatoliki, kila mmoja ana mwalimu wake. Ngozi haina dhehebu.

Baada ya kazi ndipo watu wa Kisii na Nyamira wanapopata taabu zaidi, kwa sababu maagizo yameandikwa kwa mtu anayekaa ofisini. Kwa siku saba hadi kumi jeraha halitaki jasho, vumbi, jua kali, moshi wala kuloweshwa. Sasa mwambie hivyo mama anayechuma chai Kebirigo alfajiri, mvua ikimnyeshea mgongoni. Mwambie anayesugua mawe ya sabuni Tabaka, unga mweupe umemjaa hadi kwenye kope. Mwambie anayepikia kuni. Kama kazi yako ni hiyo na huwezi kupata mapumziko ya wiki nzima, usifanye wakati huo. Wala usifanye wiki moja kabla ya harusi, kwa sababu ratiba ya ngozi haijali kadi za mwaliko. Siku tatu za kwanza nyusi huwa nene na nyeusi kupita kiasi. Kati ya siku ya tano na ya kumi hutoa vigaga. Wiki ya tatu huonekana kama rangi yote imeondoka, na wengi hulia hapo. Rangi ya kweli hujitokeza wiki ya nne hadi ya sita.

Safisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na sabuni laini, kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, paka mafuta membamba uliyoelekezwa. Vigaga usivibandue hata vikiwasha vipi. Usipake maji ya aloe kutoka shambani, wala asali, wala dawa ya meno.

Wekundu kidogo na uvimbe mdogo wa siku mbili ni kawaida. Maumivu yanayozidi baada ya siku ya tatu, usaha, homa, jicho kufunga au uwekundu unaotambaa kuelekea shavuni si kawaida. Usirudi kwa fundi, nenda Hospitali ya Rufaa ya Kisii au ya Kaunti ya Nyamira, chukua na ile picha ya chupa. Ukienda kutoa damu katika miezi inayofuata, waambie ulichorwa. Ukipelekwa kwenye kipimo cha MRI hata miaka mitano baadaye, waambie pia, kwa sababu chuma kilichomo kwenye rangi huweza kupata joto.

Na zikiharibika? Rangi hufifia ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu, wakati mwingine ikibaki na wekundu, kwa hiyo kama tatizo ni umbo tu, subira ni tiba. Usikubali kufunikwa kosa kwa wino wa rangi ya ngozi. Wino huo una titani, na ukija kupigwa leza baadaye unaweza kugeuka mweusi papo hapo. Leza yenyewe kwenye ngozi nyeusi inahitaji daktari wa ngozi anayeijua, la sivyo utaachiwa mabaka meupe. Zile dawa za kupaka za kung'oa tatuu zinazouzwa mtandaoni nyingi ni asidi. Usiziweke karibu na jicho, hata kidogo.