Mbona maji hutuama kwenye udongo wenye nafasi tele?

MVUA ya masika inaponyesha katika nyanda za Athi, maji hutuama juu ya udongo mweusi kwa siku kadhaa, ilhali penye mchanga hutoweka kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo, wengi huamini kwamba udongo wa mfinyanzi umeshikamana kiasi cha kukosa nafasi ya maji. Ukweli ni kinyume cha hayo.

Aghalabu asilimia 40 hadi 60 ya ujazo wa mfinyanzi ni vitundu. Katika mchanga, vitundu ni takriban asilimia 25 hadi 40, nayo mawe ya matale yasiyo na nyufa hayafikishi hata asilimia 5.

Tofauti imo katika ukubwa wa vitundu hivyo, wala si wingi wake. Chembe ya mfinyanzi haizidi milimita 0.002, lakini ya mchanga huweza kufikia milimita 2. Nafasi zilizopo baina ya chembe ndogo namna hiyo ni finyu mno, na maji hunata humo. Isitoshe, udongo mweusi hufura unapolowa na kuziziba. Hivyo basi, kwa saa moja mfinyanzi hufyonza milimita 1 hadi 5 tu za maji, na mchanga zaidi ya milimita 30.

Sifa hiyo ndiyo iliyoufanya udongo mweusi wa Mwea, Kirinyaga, kuufaa mpunga, kwani majaruba hukaa na maji bila kuyapoteza ardhini. Huko Machakos, Makueni na Kitui, nako, wakazi hujenga kuta katika mito ya msimu ili mchanga ukusanyike nyuma yake. Mchanga huo huhifadhi maji na kuyaachilia watu wanapofukua wakati wa kiangazi. Mfinyanzi ungeyashikilia.

Mtungi una kisa chake. Mfinyanzi ukishachomwa haufuri tena, na vitundu vyake hubaki wazi. Maji hupenya polepole hadi nje, yakageuka mvuke na kuyapoza yaliyosalia ndani.

Kwa anayenunua kiwanja, suala hili si la darasani. Shimo la kunyonya majitaka likichimbwa kwenye mfinyanzi mzito hufurika na kumwaga uchafu uani, hasa wakati wa mvua.

Kabla ya kujenga, inafaa kuchimba shimo dogo hadi kina kinachokusudiwa na kulijaza maji mpaka udongo ushibe. Siku ya pili maji hutiwa tena, kisha hupimwa kwa rula yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Yakiwa hayajashuka ila kidogo sana, ni heri kujenga tangi lisilovuja, litakalonyonywa na lori mara kwa mara, na kuiweka gharama hiyo katika hesabu kabla ya kulipia ardhi yenyewe.