The Boy and the Heron

The Boy and the Heron (kwa Kijapani: Kimitachi wa Dō Ikiru ka, yaani "Ninyi mtaishije?") ni filamu ya katuni ya njozi kutoka Japani, iliyoandikwa na kuongozwa na Hayao Miyazaki na kutengenezwa na Studio Ghibli. Ilianza kuonyeshwa nchini Japani tarehe 14 Julai 2023. Inajulikana pia kwa namna ilivyotolewa: haikuwa na trela wala matangazo ya televisheni, hivyo watazamaji wa kwanza waliingia ukumbini bila kujua inahusu nini.

Hadithi

Mahito Maki ni mvulana aliyempoteza mama yake katika moto wa hospitali mjini Tokyo wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Baba yake, mwenye kiwanda cha vipuri vya ndege za kivita, anamwoa Natsuko, mdogo wa marehemu, na familia inahamia mashambani. Huko korongo wa kijivu anayesema kama binadamu anamwambia Mahito kwamba mama yake yu hai. Natsuko, ambaye ni mjamzito, anapotoweka, Mahito anamfuata ndani ya mnara wa kale na kufika katika ulimwengu mwingine. Ulimwengu huo una kasuku wakubwa wanaokula watu, na roho ndogo nyeupe zinazopaa angani ili zikazaliwe kama wanadamu. Aliyeuumba ni mzee wa ukoo wa Mahito, ambaye sasa anatafuta mrithi.

Kutolewa bila matangazo

Miyazaki alitangaza kustaafu mwaka 2013 baada ya filamu ya The Wind Rises, kisha akarudi kazini. Mnamo Desemba 2022 studio ilitoa bango moja tu lenye mchoro wa ndege. Majina ya waigizaji wa sauti hayakutajwa kabla ya onyesho la kwanza. Hata kijitabu cha maelezo, ambacho kwa desturi huuzwa katika kumbi za sinema za Japani, hakikuuzwa siku hiyo.

Uamuzi huo ulikuwa wa mtayarishaji Toshio Suzuki, aliyeona kwamba matangazo ya siku hizi yanafichua mengi mno. Hatari yake ilikuwa kubwa, kwa sababu Ghibli iligharimia filamu yenyewe, bila kundi la wawekezaji kama ilivyo kawaida kwa anime nyingi. Hata hivyo, katika siku tatu za kwanza filamu ilikusanya takriban yeni bilioni 1.8 na kushika nafasi ya kwanza nchini.

Maoni ya kwanza ya mashabiki

Maoni ya watazamaji wa Japani yaligawanyika. Wengi walisifu michoro, hasa tukio la moto mwanzoni, ambapo Mahito anakimbia katikati ya umati na moshi. Wengine walilalamika kwamba nusu ya pili ni ngumu kufuatilia na kwamba kanuni za ulimwengu wa mnara hazielezwi.

Jina la filamu nalo lilileta mshangao. Limetoka katika riwaya ya Genzaburō Yoshino ya mwaka 1937, hivyo baadhi ya watu walitarajia kuiona riwaya hiyo kwenye skrini. Hadithi ya filamu ni tofauti; kitabu chenyewe kinaonekana kama zawadi ambayo mama alimwachia Mahito.

Mashabiki wa muda mrefu waliichukua filamu kama wasia wa Miyazaki, aliyezaliwa mwaka 1941 na ambaye baba yake pia aliongoza kiwanda cha vipuri vya ndege. Baadaye Suzuki alieleza kwamba Mahito ni Miyazaki mwenyewe, korongo ni Suzuki, na mzee wa mnara ni mwongozaji Isao Takahata, aliyefariki mwaka 2018. Maelezo hayo yaliwafanya baadhi ya watazamaji kuitazama upya.

Nje ya Japani

Mnamo Septemba 2023 filamu ilifungua Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto. Katika nchi nyingine ilitangazwa kwa trela kama kawaida, kwa hiyo watazamaji wa huko hawakuipokea gizani kama wale wa Japani. Nchini Marekani ilishika nafasi ya kwanza wikendi yake ya kwanza mwezi Desemba. Mnamo Machi 2024 ilipata Tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni, ya pili kwa Miyazaki baada ya ile ya Spirited Away.