Kona ya Masta na kitufe cha kuanza upya

Ilikuwa mara ya tisa kwa mwanangu kuigonga nyumba ile ile. Usiku ule, baada ya swala ya Isha, nilikuwa nimeketi nyuma yake nikimtazama akiendesha gari la mashindano kwenye kompyuta, mikono yake ikiwa kwenye usukani uliofungwa mezani. Kila alipogonga, alibonyeza kitufe, na gari likarudi zima mahali pa kuanzia. Nikamwuliza nyumba ile ni ya nani. Akacheka: “Baba, huo ni mchezo tu.”

Mchezo wenyewe, Grand Prix Legends, ulitoka mwaka 1998 na unaigiza msimu wa mashindano wa mwaka 1967. Lakini barabara aliyokuwa akiipita si ya kubuni. Ni njia ya zamani ya Spa-Francorchamps, nchini Ubelgiji, yenye urefu wa takriban kilomita 14. Zilikuwa barabara za kawaida za wanavijiji, kutoka Francorchamps kuelekea Malmedy na Stavelot, zikifungwa siku za mashindano tu. Kandokando yake palibaki kama palivyokuwa: nguzo za simu, miti, nyua za mashamba na kuta za nyumba ambamo watu walikuwa wakiishi.

Nami nikaomba kiti. Wazazi wenzangu wanaoidhani michezo hii kuwa ni upuuzi wa vidole, wajaribu mzunguko mmoja tu. Ugumu wa Spa ya zamani hauko katika wingi wa kona, bali katika uchache wake. Baada ya Malmedy barabara hunyooka, gia huwa ya mwisho, mafuta yamekanyagwa hadi chini, na mwendo huo hudumu kiasi kwamba akili huuzoea na kuuona wa kawaida. Ghafla nyumba hutokea mbele, na baina yake barabara hupinda kushoto, mara hupinda kulia. Hiyo ndiyo kona ya Masta. Dereva anayeshtuka na kuachia mafuta akiwa amekwisha kuingia ndani yake hupotea, kwa maana uzito wa gari hukimbilia mbele, tairi za nyuma hubaki nyepesi, na mkia huteleza. Sharti apunguze mapema, gari lingali limenyooka, kisha alipitishe kwa mkono mtulivu huku akiongeza mafuta kidogo kidogo. Mwanangu alikuwa akifanya kinyume chake. Mimi pia, nakiri, niliigonga nyumba ile mara mbili.

Usukani hutetemeka mkononi, na injini huunguruma masikioni. Lakini kiti cha nyumbani hakisogei, na tumbo halihisi lolote. Hapo ndipo nilipoona haja ya kumsimulia habari za tarehe 12 Juni 1966.

Siku hiyo magari yaliondoka Francorchamps barabara ikiwa kavu, na katika mzunguko wa kwanza yakakutana na mvua kubwa. Kadhaa yaliteleza na kutoka njiani. Karibu na Masta, gari la Jackie Stewart wa Uskoti liliacha barabara kwa kasi ya zaidi ya kilomita 250 kwa saa, likagonga nguzo ya simu na kuangukia kwenye shamba. Alinaswa ndani ya gari lililopondeka huku petroli ikimlowesha mwilini. Cheche moja ingetosha kummaliza. Hapakuwa na mfanyakazi wa uokoaji wala chombo cha kumtolea. Graham Hill na Bob Bondurant, madereva wenzake walioteleza jirani na hapo, ndio waliomtoa, baada ya kuazima spana kwa mtazamaji ili waufungue usukani. Alikaa humo kwa dakika zipatazo 25. Hata gari la wagonjwa lililompeleka hospitali lilipotea njia.

Tangu hapo Stewart alisafiri na spana iliyobandikwa ndani ya gari lake, akadai mikanda, vizuizi na madaktari viwanjani. Wapo waliomwita mwoga. Naye alikuja kuwa bingwa wa dunia mara 3. Mwaka 1969 madereva walikataa kushindana Spa. Mashindano ya mwisho ya Formula One katika njia ile ndefu yalifanyika mwaka 1970, na Pedro Rodríguez wa Mexico alishinda kwa wastani wa takriban kilomita 241 kwa saa. Njia mpya, yenye urefu wa karibu nusu ya ile ya zamani, ilifunguliwa mwaka 1979 na kuiacha Masta nje.

Kijana alinisikiliza bila kugeuka. Sikumzuia mchezo, nilimwekea sharti moja tu, kwamba atakayegonga ndiye amemaliza kwa usiku huo, kompyuta izimwe. Usiku wa kwanza alidumu kwa muda usiozidi dakika 4, akalala amenuna. Usiku wa tatu niliusikia mngurumo wa injini ukipungua kabla ya Masta, mahali ambapo haukuwahi kupungua. Alipita. Akamaliza mizunguko mitano, mikono ikimtoka jasho, kwa muda wa polepole ambao juma lililopita angeuonea aibu.

Alipozima kompyuta aliniuliza, “Baba, yule mtu wa spana, walimrudishia spana yake?”